MAGONJWA YA MIKOROSHO MICHANGA NA JINSI YA KUIKINGA

Somo kwa wakulima wadogo wa pembezoni mwa Dar es Salaam

1. Neno la kwanza

Ndugu mkulima, somo hili lahusu mkorosho katika miaka yake mitatu ya kwanza, yaani tangu korosho inapofukiwa katika kiriba mpaka mti utoapo maua ya kwanza. Wengi wetu huuona mkorosho kuwa mti mkaidi usiohitaji matunzo. Twauona umesimama penye mchanga mtupu na jua kali, na bado watoa mabibo. Ni kweli, mkorosho uliokomaa ni mvumilivu. Lakini mkorosho mchanga si hivyo. Majani yake mengi ni laini, mizizi yake haijaenda mbali, na hauna akiba ya nguvu ya kujiponya. Ugonjwa ambao mti mkubwa ungeuvumilia kwa kupunguza mavuno, mti mchanga waweza kufa nao.

Kwetu hapa jambo hili lina uzito zaidi. Kule Chamazi, Toangoma na Kongowe upande wa Temeke, kule Kimbiji upande wa Kigamboni, na kule Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, mashamba si makubwa tena. Aliyekuwa na ekari nyingi amebakiwa na moja au mbili, na zilizobaki zimekuwa viwanja vya nyumba. Ukipanda mikorosho kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja huchukua miti 28 tu. Mwenye miti 28 akipoteza sita, amepoteza zaidi ya sehemu moja kwa tano ya shamba lake, naye atangoja tena miaka mitatu kabla ya kuona korosho mahali pale.

Kwa hiyo shika neno moja la somo hili: ujue kwanza ugonjwa, ndipo utafute dawa. Yote yatakayofuata ni maelezo ya neno hilo.

2. Kisa cha miti 56

Miaka michache iliyopita nilipigiwa simu na mama mmoja mkulima wa upande wa Mkuranga, si mbali na mpaka wa Temeke. Alikuwa na ekari mbili na miti 56 iliyokaribia kutimiza miaka miwili. Akasema, "Bwana Shamba, majani ya mikorosho yangu yanageuka manjano na kunyauka. Nifanye nini?" Siku ile nilikuwa na kazi nyingi. Kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Julai, nikadhani ni ubwiriunga, nikamwambia apige salfa. Hilo lilikuwa kosa langu, nami nalikiri hapa ili mwenzangu yeyote asilirudie. Nilitoa dawa bila kuuona mti.

Baada ya wiki sita akapiga simu tena. "Bwana Shamba, nimepiga salfa mara tatu, fedha yangu imekwisha, na miti inazidi kufa." Safari hii nilikwenda. Nikakuta miti 11 imenyauka, mmoja hapa na mwingine pale. Juu ya majani hapakuwa na unga wowote mweupe isipokuwa salfa yenyewe. Nikakata tawi moja lenye majani ya manjano, nikachonga gome kwa kisu. Ndani ya mti palikuwa na michirizi ya rangi ya kahawia, kama mtu aliyemwaga chai juu ya kitambaa cheupe.

Nikamwambia, "Mama, salfa haishuki mizizini. Ugonjwa huu watoka udongoni."

Tulipozungumza zaidi nikajua mambo mawili. La kwanza, udongo wa kujaza viriba vyake ulichimbwa chini ya mkorosho wa zamani uliokufa wenyewe bila sababu kujulikana. La pili, kijana aliyempogolea alitumia panga moja kwa miti yote, kutoka mti mgonjwa hadi mti mzima, bila kulisafisha. Ni mlango upi ugonjwa uliingilia hatukuweza kujua kwa yakini, maana yote miwili ilikuwa wazi. Tulipeleka vipande vya mti kwa watafiti, nao wakathibitisha kwamba ni mnyauko fuzari. Nitarudi kwenye kisa hiki mwisho wa somo.

3. Mkorosho na maadui zake katika nchi yetu

Mkorosho si mti wa asili ya Afrika. Kwao ni Brazili, na Wareno ndio walioleta mbegu zake katika pwani yetu katika karne ya 16. Kwa muda mrefu ulikaa hapa bila maadui wengi. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Kisha mavuno yakaanguka, na katika msimu wa 1986/87 hayakufika tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa. Watu walihamia vijiji vipya wakaacha mikorosho yao mbali, na bei ilikuwa ndogo. Tena ugonjwa wa ubwiriunga, uliotambuliwa nchini mwaka 1979, uliunguza maua ya miti iliyobaki.

Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, walifanya kazi kubwa ya kutafuta dawa, kupogolea miti na kuchagua aina bora za mikorosho. Wakulima nao walizipokea kazi hizo, na katika msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Jambo hilo latufundisha kwamba ugonjwa wa mti haushindwi kwa dawa peke yake. Unashindwa kwa dawa, usafi wa shamba na miche mizuri kwa pamoja.

Lakini maadui hawakwisha. Mwaka 2012 ugonjwa mpya, yaani mnyauko fuzari, ulionekana kwa mara ya kwanza katika kijiji cha Magawa, Wilaya ya Mkuranga. Mkuranga ni jirani yetu. Miche, udongo na mafundi wa kupogolea hupita Barabara ya Kilwa kila siku kuja huku na kurudi. Kwa hiyo habari za Magawa ni habari zetu pia.

4. Kinyausi: ugonjwa wa kitaluni

Dalili. Mche mdogo uliokwisha kuota huoza shina usawa wa udongo, shina hulegea na kuwa jembamba kama uzi uliolowa, kisha mche huanguka. Mara nyingine korosho huoza kabla ya kuota. Ugonjwa huanza kwenye kiriba kimoja, na siku chache baadaye huenea kwenye viriba vya jirani.

Kisababishi. Ni kuvu wanaoishi udongoni. Wanapenda maji yaliyotuama, kivuli kizito na miche iliyosongamana.

Kinga. Fanya hivi:

(a) Chagua korosho za mbegu kutoka miti yenye afya na mavuno mengi. Zitie katika ndoo ya maji. Zinazozama ndizo za kupanda, na zinazoelea usizipande.

(b) Jaza viriba kwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza sawasawa. Kamwe usichimbe udongo huo chini ya mikorosho, hasa mikorosho iliyokufa. Chukua mahali ambapo mkorosho haujapata kupandwa.

(c) Kila kiriba kiwe na matundu chini na pembeni ili maji yatoke. Ukiminya udongo wa kiriba mkononi na maji yakachuruzika, umemwagilia kupita kiasi.

(d) Mwagilia asubuhi, si magharibi. Mche ulale ukiwa mkavu.

(e) Mche ukianguka, uondoe pamoja na kiriba chake na udongo wake. Usiutupe ule udongo kitaluni wala usiutumie tena.

(f) Usiache miche kitaluni mpaka mzizi mkuu ukajikunja chini ya kiriba. Mkorosho wenye mzizi uliojikunja hautulii shambani. Jua likiwa kali hunyauka, na mwenyewe hudhani ni ugonjwa.

5. Ubwiriunga

Dalili. Majani machanga, vikonyo na maua hufunikwa na unga mweupe au wa kijivu kama majivu. Majani hujikunja, hugeuka kahawia na kupukutika. Kwenye mti uliokwisha kutoa maua, maua hukauka na korosho hazifungi. Majani yaliyokomaa, yale magumu ya kijani kibichi, hayashikwi. Hiyo ni alama nzuri ya kuutambua: ubwiriunga wapenda kilicho laini.

Kisababishi. Ni kuvu anayeishi juu ya sehemu hai za mti. Mbegu zake husafiri kwa upepo. Hupendelea majira yetu ya ubaridi, kuanzia Juni hadi Septemba, wakati usiku una umande na hewa ina unyevu. Katika miezi mingine hujificha kwenye maotea, yaani machipukizi laini yanayoota ndani ya mti kwenye kivuli. Akiwa humo hungoja msimu wake.

Kinga. Kazi ya kwanza ni kuondoa maotea mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, kabla ubwiriunga haujaamka. Kata yote yanayoota chini na ndani ya mti, uyatoe nje ya shamba. Kazi hii haigharimu fedha, nayo huchelewesha ugonjwa sana.

Kazi ya pili ni salfa ya unga. Salfa hukinga, haitibu. Jani lililokwisha kuungua halitarudi. Kwa hiyo hupigwa mapema, dalili za kwanza zionekanapo kwenye majani machanga au maua, kisha hurudiwa kila baada ya siku 14. Mti mkubwa huhitaji gramu 250 kwa kila mzunguko. Mti mchanga huhitaji kidogo tu, kiasi cha kufunika majani machanga. Piga alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani na upepo umetulia. Ukipiga saa sita ya mchana, nusu ya fedha yako itakwenda kwa jirani.

Ziko pia dawa za maji za ubwiriunga. Muulize afisa kilimo wa kata yako ni ipi iliyosajiliwa, na ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko. Usipige salfa kwa mazoea tu mahali ambapo ugonjwa haupo. Salfa nyingi ya mwaka hata mwaka huongeza uchachu wa udongo, na udongo wenye uchachu mwingi huinyima mimea chakula.

6. Chule, blaiti na kukauka nchani

Magonjwa haya matatu nayaweka pamoja kwa sababu mkulima huyachanganya, na yote hupenda machipukizi mapya wakati wa mvua.

Chule huanza kama doa lenye majimaji kwenye jani changa, shina laini au ua. Doa hugeuka jekundu la kahawia, na mara nyingi utomvu hutoka hapo. Chipukizi hujikunja na kufa.

Blaiti huonekana hasa kwenye majani. Madoa ya kahawia yenye ukingo mweusi huenea, jani huonekana kama lililounguzwa na moto, kisha majani hupukutika. Mti mchanga ukipukutisha majani mara mbili au tatu kwa mwaka, hudumaa.

Kukauka nchani, ambako wengi hukuita debeki, huanza kwenye ncha ya tawi na kushuka chini pole pole. Mpaka kati ya sehemu iliyokufa na sehemu hai huonekana wazi.

Kinga yake. Kata tawi lililougua sentimita kadhaa chini ya mahali ugonjwa ulipofika, mpaka uone mti safi ndani. Yachome matawi hayo. Okota majani yaliyopukutika chini ya miti michanga, maana kuvu hukaa humo wakingoja mvua inayofuata. Usipande mihogo wala mahindi karibu mno na mkorosho mchanga. Acha duara la mita moja na nusu kila upande, ili hewa na jua vipite na majani yakauke upesi baada ya mvua. Katika kitalu kilichoshambuliwa na chule, dawa yenye shaba husaidia. Salfa si dawa ya blaiti, kwa hiyo usipoteze fedha.

Hapa pana jambo la kuangalia sana. Yuko mdudu aitwaye mbu wa mikorosho, na yuko kunguni wa minazi ambaye naye hupenda mkorosho. Wote wawili hufyonza machipukizi laini na kuacha vidonda vyeusi. Chipukizi likifyonzwa hukauka, na mkulima husema ni ugonjwa. Tena kidonda cha mdudu ni mlango wa kuvu. Kwa hiyo kabla ya kupiga dawa ya kuvu, tazama machipukizi asubuhi na mapema ukamtafute mdudu.

Ukikuta maji moto, wale sisimizi wekundu washonao majani kuwa viota, usiwachome moto. Najua wanauma. Lakini maji moto huwawinda wadudu hao, na mkorosho wenye maji moto wengi huumia kidogo kuliko usio nao. Ukipiga dawa ya wadudu ovyo, utaua walinzi wako kwanza.

7. Mnyauko fuzari

Huu ndio ugonjwa wa kuogopwa kuliko yote kwa sasa, kwa maana huua mti wa umri wowote, mchanga na mkubwa.

Dalili. Majani ya tawi moja au ya upande mmoja wa mti hugeuka manjano, kisha hunyauka na kukauka. Baadaye upande wa pili hufuata, na mti wote hufa. Ukikata tawi au shina na kuchonga gome, utaona michirizi ya kahawia ndani ya mti. Hiyo ni mishipa ipitishayo maji kutoka mizizini. Kuvu ameiziba, na mti unakufa kwa kiu hata kama udongo una maji.

Kisababishi. Ni kuvu aitwaye fuzari. Huishi udongoni, naye aweza kukaa humo miaka mingi bila mkorosho. Huingia mizizini, hasa mizizi iliyojeruhiwa. Husafiri na udongo kwenye viriba, majembe, mapanga, viatu na magurudumu, na kwa maji ya mvua yateremkayo kutoka shamba lenye ugonjwa.

Dawa. Nasema wazi ili usidanganywe: hakuna dawa ya kupuliza majani itakayouponya mti uliokwisha kunyauka kwa fuzari. Mtu akikuuzia dawa ya namna hiyo, amekuuzia maji. Kinachobaki ni kuzuia.

(a) Usinunue mche usiojua ulikotoka. Muulize mwenye kitalu: udongo wa viriba umetoka wapi? Akishindwa kujibu, ondoka. Miche bora hupatikana kwenye vitalu vinavyotambuliwa na maafisa kilimo.

(b) Usilime kwa jembe karibu na shina. Mizizi mingi ya mkorosho iko juu juu, na kila jeraha ni mlango. Palilia kwa mkono au kwa kufyeka, na weka matandazo ya nyasi kavu bila kugusa shina.

(c) Safisha panga, mkasi na msumeno baada ya kila mti. Futa udongo na utomvu, kisha pitisha kwenye moto au tumbukiza kwenye maji yenye jiki. Fundi akikataa kwa kusema anachelewa, mwambie shamba ni lako.

(d) Ukiona mti wenye dalili, usiukate ukauburuta kupita katikati ya shamba. Mwite afisa kilimo autazame. Ikithibitika, ng'oa mti pamoja na mizizi yake, uchome palepale, na usipande mkorosho mwingine katika shimo lile.

(e) Chimba mfereji wa kuzuia maji ya mvua yasipite penye mti mgonjwa na kuteremkia penye miti mizima.

(f) Usifiche ugonjwa kwa kuona haya. Ugonjwa wa udongoni haujui mpaka wa shamba. Ukimficha jirani leo, kesho maji ya mvua yatamweleza.

8. Namna ya kuupambanua ugonjwa

Simama mbele ya mti na ujiulize maswali haya kwa utaratibu wake.

Swali la kwanza: Je, ni ukame au mchwa tu? Chimba kidogo kando ya shina. Udongo ukiwa mkavu kabisa na miti yote imelegea sawa, ni kiu. Ukiona njia za udongo za mchwa na gome lililoliwa, ni mchwa.

Swali la pili: Je, kuna tundu shinani lenye unga kama wa mbao na utomvu unaotoka? Huyo ni mdudu mtoboa shina. Mtafute umtoe kwa kisu na waya.

Swali la tatu: Je, kuna unga mweupe kwenye majani laini, na hasa ni majira ya ubaridi? Ni ubwiriunga.

Swali la nne: Je, kuna madoa kwenye majani na machipukizi, na mvua imenyesha karibuni? Ni chule au blaiti, au ni vidonda vya wadudu. Tazama machipukizi asubuhi.

Swali la tano: Je, hakuna unga wala madoa, lakini upande mmoja wa mti umegeuka manjano na kunyauka hali udongo una unyevu? Kata tawi, uchonge gome. Ukiona michirizi ya kahawia, acha kazi zote za shamba siku hiyo, safisha kisu chako, ukamwite afisa kilimo.

Maswali haya matano hayamalizi robo saa. Mama wa miti 56 angeulizwa haya siku ya kwanza, asingalinunua salfa mara tatu.

9. Kazi za mwaka kwa mkorosho mchanga

Novemba hadi Januari: Chagua korosho za mbegu kutoka miti mizuri. Tafuta udongo safi, jaza viriba, tia mbegu.

Februari: Chimba mashimo ya sentimita 60 kila upande kwa nafasi ya mita 12. Changanya udongo wa juu na samadi, urudishe shimoni.

Machi na Aprili: Masika yanapoanza, panda. Pasua kiriba bila kuvunja bonge la udongo. Kagua chule na blaiti kila wiki.

Mei na Juni: Palilia pasipo kujeruhi mizizi. Ondoa maotea. Fyeka nyasi kuzunguka miti, maana moto wa kiangazi huua mikorosho michanga.

Julai hadi Septemba: Kagua ubwiriunga kila wiki. Weka matandazo.

Oktoba hadi Desemba: Vuli huleta machipukizi mapya. Tazama mbu wa mikorosho, kunguni, chule na blaiti. Panda upya mahali palipo na pengo, isipokuwa penye shimo la fuzari.

10. Tahadhari ya dawa

Nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ikiwa ndani ya chombo chake chenye kibandiko. Usinunue dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda. Funika pua na mdomo, vaa nguo za mikono mirefu, na usipige kuelekea upepo. Pembezoni mwa mji nyumba ziko karibu na mashamba, kwa hiyo mwarifu jirani afunike maji yake na kuwaondoa watoto. Baada ya kazi oga kwa sabuni, na chombo kitupu kitobolewe kisitumiwe kuwekea maji wala mafuta.

11. Maswali ya kujipima

Someni maswali haya katika kikundi chenu, kila mtu ajibu kabla ya kutazama majibu.

1. Kwa nini haifai kujaza viriba kwa udongo uliotoka chini ya mkorosho?
2. Jani gumu lililokomaa lina madoa meusi. Je, ni ubwiriunga?
3. Mti umenyauka upande mmoja. Utatazama wapi kabla ya kununua dawa?
4. Kwa nini maji moto wasichomwe moto?

Majibu: (1) Udongo huo waweza kuwa na kuvu wa mikorosho, na mche utaugua kabla haujapandwa. (2) Sivyo. Ubwiriunga hushika sehemu laini na huonekana kama unga. (3) Ndani ya tawi, chini ya gome, kutafuta michirizi ya kahawia. (4) Kwa sababu huwawinda wadudu wanaofyonza machipukizi.

12. Mwisho

Yule mama aling'oa miti 11 iliyonyauka. Baada ya ukaguzi wa pili tukaona mingine minne imeanza, akaing'oa nayo. Alilia, wala sikumkataza, maana mkulima huujua mti wake kama amjuavyo mtoto. Akaichoma yote palepale. Kijana wa kupogolea akapewa panga jipya na ndoo ya maji yenye jiki, na tangu siku ile hapiti mti mmoja kwenda mwingine bila kulichovya. Mfereji ulichimbwa upande wa juu. Mahali palipobaki wazi alipanda kunde, naye huvuna na kuuza mboga yake Mbagala.

Miti 41 ilibaki. Msimu uliofuata nilipita shambani pale, nikakuta mingi imeanza kutoa maua. Akanikatia bibo la kwanza la shamba lake, akaniambia, "Bwana Shamba, safari hii ukipigiwa simu, uje na kisu, si na jibu." Nimelishika neno lake. Nawe, ndugu mkulima, ukiuona mti wako umebadilika, chukua kisu safi uutazame kwanza, kabla ya kwenda dukani.